Breka ikijikata, msiweke kubwa zaidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumze na wenzangu wa Mtwara na Lindi kuhusu breka ya umeme inayojikata kila ukiipandisha. Jambo hili limenikuta nyumbani kwangu Mikindani, likanitia hasara na hofu. Tangu hapo nimekuwa nikisikia majirani wakisimuliana jinsi wanavyolimaliza, na kila nikisikia moyo unashtuka, kwa sababu ni njia ile ile iliyokaribia kuniunguzia nyumba.

Mimi ni mama wa miaka 54. Nauza barafu, juisi ya ubuyu na ukwaju, na samaki wa kugandisha ninaowanunua asubuhi ngalawa zikirudi. Nina friza mbili na friji moja, na hizo ndizo zilizonisomeshea wanangu. Umeme ukipotea ndani kwangu sikai nikawazia giza. Nawaza changu na pweza wanaoanza kulainika. Ndiyo maana nilijikuta najifunza habari za nyaya na umri huu, wala sikuwahi kudhani ningezijua.

Nyumba yetu ilifungwa umeme mwaka 2009, marehemu mume wangu akiwa hai. Tulikuwa na taa tano, redio, televisheni na feni moja, na fundi alipitisha waya kwa mahitaji hayo. Kisha maisha yakaongezeka. Wasomaji wa huku kwetu mnajua mambo yanavyokuwa msimu wa korosho ukiwa mzuri: kuanzia Oktoba malipo yakiingia, huyu analeta friji, yule sabufa, mwingine jiko la umeme. Nyumba inajaa vitu, nyaya za darini zinabaki zile zile. Hakuna anayekumbuka kununua waya kwa hela ya korosho. Na mimi sikukumbuka.

Ilikuwa Desemba, jua la kupasua bati, breka ya soketi ilipoanza kushuka. Mwanzoni haikushuka papo hapo. Ilikuwa jioni jioni, jiko la pleti mbili likiwa linapika, birika la umeme linachemsha maji ya juisi, binti yangu anapiga pasi sare za shule, na friza zinanguruma pembeni. Baada ya nusu saa hivi, tap, soketi zote kimya. Nikiipandisha hapo hapo inagoma. Nikiiacha ipumzike inakubali, halafu kesho yake ni yale yale.

Nikamwita fundi mmoja kijana. Alifika, akaitazama, akasema, "Mama, breka imechoka." Hakupima kitu. Hakuuliza nimechomeka nini na nini. Akatoa ile iliyoandikwa 20, akaweka iliyoandikwa 40, akachukua hela yake. Nikamshukuru sana na juisi nikampa, maana kweli breka haikushuka tena. Wiki saba nililala vizuri.

Sasa niseme nilichokuja kuelewa baadaye, kwa kuwa ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Breka haipo pale kulinda friza wala jiko. Breka inalinda waya. Ile namba juu yake ni ampea ambazo breka hubeba bila kukata, na haitakiwi kuzidi kiasi ambacho waya uliofungwa nayo unaweza kubeba bila kupata moto wa kuudhuru. Nyumba nyingi zetu soketi zimepitishwa waya wa milimita za mraba 2.5 (mtaani tunasema milimita tu) na breka ya 20, na taa waya wa milimita 1.5 na breka ya 6 au 10. Hesabu yake haina ugumu, unagawa wati kwa volti 230. Jiko langu ni wati 2,500, birika 2,000, pasi 1,200, na friza mbili na friji kwa pamoja kama 500. Jumla 6,200, ukigawa kwa 230 unapata karibu ampea 27. Breka ya 20 ilikuwa inaniambia kila jioni kwamba nimeubebesha waya mzigo usio wake. Sikuwa na masikio ya kuisikia, na yule kijana akaja kuinyamazisha. Alipoweka 40, waya ulibaki peke yake darini chini ya bati la moto bila mlinzi, na mimi nikaendelea kupika.

Februari, usiku wa mvua, nikasikia harufu ya samaki aliyeharibika. Kwa kazi yangu nikajua ni friza. Nikaamka, nikafungua zote mbili, nikanusa kila mfuko, samaki wote wazima. Nikarudi kulala na harufu ikiwa palepale. Nawaomba mama zangu na dada zangu wanaouza samaki mnisikilize hapa: plastiki za vifaa vya umeme zikipata moto sana hutoa harufu inayofanana na ya samaki. Ukiisikia na samaki wako ni wazima, au huna samaki kabisa ndani, shusha meni swichi, ile inayozima nyumba nzima, kwanza, maswali baadaye. Mimi sikujua. Kama saa nane hivi ukasikika mlio, pa! Soketi zote zikazima.

Nilipoipandisha breka safari hii haikunipa hata sekunde. Ta, imeshuka. Tena, ta. Mtoto wa kaka yangu, aliyekuja kunisaidia kazi za msimu, akaishikilia juu kwa kidole gumba kwa nguvu zake zote, lakini soketi hazikuwaka. Baadaye nilielezwa kwamba breka hutengenezwa hivyo makusudi: kitasa unaweza kukishikilia juu, na ndani yake ikawa imeshaachia. Akasema, "Shangazi, ngoja niipitishe moja kwa moja kwa kipande cha waya mpaka asubuhi, samaki wasiharibike." Alisema kwa nia njema, maana alikuwa anaziona hasara zangu. Namshukuru Mungu kwamba ile harufu ilikuwa bado puani. Nikakataa, tukashusha meni swichi, tukakesha na taa ya simu tukiangalia dari.

Asubuhi nilikwenda kwa mzee mmoja wa mtaa wa juu, fundi umeme aliyestaafu baada ya miaka mingi kiwandani. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza mbio mbio. Akaniuliza kwanza kuhusu samaki: friza zimejaa au nusu? Nikasema zimejaa. Akasema, "Basi nenda ukazifunge, mtu asizifungue. Friza iliyojaa, ikifungwa vizuri, inavumilia siku nzima. Haraka ya samaki ndiyo inayounguza nyumba za watu." Neno hilo lilinituliza kuliko yote. Nimegundua kuwa wengi tunailazimisha breka kwa sababu tunadhani kila dakika ni hasara.

Alipofika hakugusa kitu. Alikaa kwenye kiti akauliza. Breka gani inashuka, hizi ndogo au ile kubwa yenye kitufe kilichoandikwa T? Inashuka papo hapo au inakaa kwanza? Mara ya kwanza ilianza lini, na kabla ya hapo kilifanyika nini? Nani alifungua boksi mara ya mwisho? Nilipomtajia ile 40 alinyamaza kidogo, akatikisa kichwa.

Akanieleza kwamba ndani ya breka ndogo mna walinzi wawili. Mmoja ni kipande cha metali mbili zilizobanwa pamoja, ambacho kikipata joto hujikunja polepole mpaka kikaachia. Huyo anashughulika na mzigo mkubwa uliodumu, ndiye aliyekuwa ananishushia kila jioni, na ndiyo maana breka ilihitaji kupoa kabla ya kukubali kupanda. Wa pili ni koili yenye nguvu ya sumaku, na huyu hasubiri. Umeme ukipanda ghafla mara nyingi kuliko kiwango, anaachia papo hapo. Kwenye breka nyingi kuna herufi kabla ya namba. Yenye B koili yake hushtuka kati ya mara 3 na 5 ya kiwango, yenye C kati ya mara 5 na 10. Kwa hiyo C20 ikishuka papo hapo, ujue umepita umeme wa ampea mia na zaidi, na hapo mara nyingi laivu (waya unaoleta umeme) imegusana na nyutro (unaourudisha) au ethi (unaokwenda ardhini) mahali fulani. Kwa maneno yetu, shoti. Ndiyo sababu lile swali la papo hapo au baada ya muda lilikuja mapema, kwani linaelekeza wapi pa kuanzia kutafuta.

Kisha akasema tuchomoe kila kitu kwenye soketi. Mimi nikaanza kubonyeza vile viswichi vya soketi. Akanikataza: "Kuzima si kuchomoa. Hicho kiswichi mara nyingi kinakata laivu tu, nyutro na ethi zinabaki zimeunganishwa na kifaa. Vuta plagi itoke." Tukavuta zote, pamoja na ile ya friji nyuma ya kabati ambayo nusura niiache kwa uvivu wa kusogeza kabati. Akaishusha breka mpaka chini kabisa kwanza, kwa sababu nyingine zikijikata husimama katikati na haziwezi kupanda mpaka zishushwe, akapandisha meni swichi, ndipo akaipandisha breka mara moja. Ta.

Akaniangalia akasema, "Ingeshika, tungerudisha plagi moja moja, na ile itakayoiangusha ndiyo yenye kosa. Haikushika na hakuna kilichochomekwa. Kifaa hakina hatia, tatizo liko kwenye waya au kwenye soketi zenyewe. Na sasa hatuipandishi tena." Alisema kila ukiipandisha juu ya shoti unaiunguza breka ndani, na unazidi kuunguza pale penye kosa.

Mhariri, hapo ndipo mipaka ya mtu kama mimi inapoishia. Kuchomoa plagi, kushusha na kupandisha mara moja, kunusa, kuangalia soketi ipi imegeuka rangi ya kahawia, hayo kila mwenye nyumba anaweza na ninaomba ayafanye kabla ya kumwita fundi, kwa sababu yatamwokolea muda na hela. Kufungua mfuniko wa boksi hapana. Hata ukishusha meni swichi, nyaya zinazotoka kwenye mita kuingia kwenye swichi hiyo bado zina umeme wote, na mtu anakufa akiamini amezima.

Mzee alifungua yeye, meni swichi ikiwa chini. Kwanza alithibitisha kipimo chake kinafanya kazi kwa kugusa mahali alipojua pana umeme, kisha akapima pale alipotaka kushika. Nikamwuliza kwa nini. Akasema kipimo kibovu na waya usio na umeme vinatoa jibu moja. Akatoa waya wa laivu chini ya breka, akaufunika ncha, akarudishia mfuniko, akapandisha meni swichi na kuipandisha breka ikiwa haina waya. Ikashika. Kwa hiyo breka ilikuwa nzima. Ingeshuka ikiwa tupu namna ile, ndipo ingekuwa halali kusema imechoka. Nadhani kama yule kijana wa Desemba angefanya jaribio hili moja tu, la dakika tano, barua hii isingekuwapo.

Akazima tena, akatoa na nyutro ya laini ile, akaweka mita yake ya mkononi kwenye kupima omu, yaani jinsi njia inavyouzuia umeme kupita. Laivu na nyutro, vikiwa havijaunganishwa na kitu chochote, mita ikalia mfululizo na kuonyesha 0.3. Zilipaswa kuwa hazijuani kabisa. Akanieleza kuwa waya mzima ukipimwa kwa kile kipimo cha kusukuma volti 500, mafundi wanakiita mega, unatakiwa uonyeshe angalau megaomu moja, yaani omu milioni moja. Wangu ulikuwa chini hata ya omu moja.

Sasa kosa liko wapi katika laini yenye soketi sita? Nilidhani atafungua zote. Alifungua ya tatu tu, akatenganisha nyaya zinazoingia na zinazotoka, akapima pande zote mbili. Upande wa kwenda sebuleni mzima. Upande wa kutoka kwenye boksi, mita ikalia. Kwa kufungua mara moja alikuwa ameshaitupa nusu ya nyumba. Akafungua ya kwanza, iliyo jikoni: kutoka boksi hadi pale safi, kutoka pale kwenda mbele, mita inalia. Akainua uso akaangalia dari ya jikoni.

Kijana wetu alipanda darini na tochi. Akakuta mahali waya ulipounganishwa kwa kusokotwa tu na kufungwa tepu, bila boksi la kuungia. Tepu imegeuka kitu kama lami. Plastiki ya nyaya imeyeyuka kiasi cha shubiri nzima, shaba imekuwa nyeusi, laivu na nyutro zimelaliana. Na boriti lililokuwa chini yake lilikuwa na doa jeusi la ukubwa wa kiganja changu. Mti wa zamani, mkavu, chini ya bati. Nilipoliona doa lile miguu iliniisha nguvu, nikakaa chini jikoni. Chumba cha binti yangu kiko ukutani pale.

Mzee alisema kiungo kilicholegea ndicho kinachopata joto kwanza, kwa kuwa umeme unapita kwa shida pale. Chini ya ampea 20 kingeweza kuendelea kuvumilia miaka. Kwa 27, jioni hadi jioni, wiki saba, hakikuweza.

Tulibadilisha waya ule, safari hii bila kiungo cha darini. Friza zikapewa laini yao, jiko nalo likapewa laini yake ya milimita 6 na breka ya 32, na breka ya soketi ikarudi 20. Akaweka pia ile swichi kubwa yenye kitufe cha T, ambayo nyumba yangu haikuwa nayo. Nilikopa kwenye kikundi chetu cha kina mama kulipia.

Kuhusu hiyo kubwa nina neno, kwa sababu inaonewa mno. Yenyewe haihesabu mzigo. Inalinganisha umeme unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Ikiona umepungua wa miliampea 30, maana yake kuna unaovujia pengine, kwenye ukuta wenye maji, kwenye bodi ya friza, au mwilini mwa mtu, na inakata chini ya theluthi ya sekunde. Kuna mama mpangaji mtaa wa pili ambaye yake ilikuwa inashuka kila mvua ikinyesha. Mwenye nyumba akataka iondolewe, iwekwe swichi ya kawaida "isiyo na usumbufu". Mama yule ana watoto wadogo wanaotembea peku kwenye sakafu ya saruji. Nikamwomba mzee aende.

Njia ilikuwa nyingine kidogo. Alishusha breka ndogo zote, akapandisha kubwa. Ikashika. Akapandisha ndogo moja moja, na alipofika ya taa, zote zikazima. Akaendelea kwenye taa, akaikuta holda ya nje mlangoni mwa choo imejaa maji na kutu ya kijani. Hewa ya bahari hii mnayoiona tamu inakula shaba, na chumvi ikilowa inapitisha umeme. Tatizo la miezi liliisha kwa holda mpya yenye kifuniko cha kuzuia mvua. Aliniambia pia kwamba wakati mwingine kubwa inagoma hata ndogo zote zikiwa chini, na hapo watu huapa kuwa ni mbovu. Lakini ndogo za kawaida zinakata laivu peke yake. Nyutro ikigusana na ethi mahali popote nyumbani, kushusha ndogo hakusaidii, na fundi atalazimika kutenganisha nyutro moja moja.

Dada yangu anayekaa Lindi mjini alipata lake baada ya kimbunga Hidaya cha Mei 2024. Upepo uliinua bati, zikapigiliwa upya. Siku chache baadaye breka ya taa ikawa inashika vizuri mpaka mtu abonyeze swichi ya chumba kimoja tu, ndipo inashuka. Nilipomsimulia mzee, alijibu bila hata kuiona nyumba: kosa liko baada ya swichi ile, kati yake na taa, mwambieni aangalie misumari. Na kweli msumari wa bati ulikuwa umepita katikati ya waya. Wanaoezeka upya, tafadhali, mwoneni fundi umeme kabla ya kupigilia. Panya nao wanatafuna, na mijusi na sisimizi wanaingia kwenye soketi, hayo yote nimeyasikia kwa watu, lakini hayahitaji maelezo marefu.

La mwisho la nyumbani ni kwa wenzangu wa barafu. Umeme ukikatika na kurudi, friza zote zinataka kuanza kwa pamoja, na mota inapoanza inakula umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida, hasa ikiwa gesi yake bado imebanwa ndani. Chomoeni umeme ukikatika. Ukirudi subirini dakika tano, rudisheni moja, halafu nyingine. Breka itakayoshuka hapo haina kosa lolote.

Sasa ombi langu. Huku kwetu breka ikishuka watu wengi wanapiga simu kuilaumu TANESCO. Shirika linaishia kwenye mita. Kutoka mita kuingia ndani ni mali yetu na wajibu wetu, na anayestahili kuigusa ni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Iombeni muione, haina aibu kuiomba, fundi mwenye nayo anaitoa kwa furaha. Vijana wetu wanaosoma VETA hapa Mtwara na Lindi wanafundishwa kupima kabla ya kubadilisha, na nawaomba wasiiache elimu ile kwenye geti la chuo kwa kuwa mteja ana haraka. Mteja akisema "weka kubwa", mkataeni. Mimi ningekasirika siku ile, ni kweli. Ningemwita mwingine pengine. Lakini ningekumbuka nilipoliona lile doa kwenye boriti.

Na wenye nyumba za kupangisha, wapangaji wenu hawajui breka ipi ni ya nini. Mzee wangu alikata kipande cha boksi la soda, akaandika kwa kalamu ya wino mzito, akakibandika ndani ya mlango wa boksi la breka. Nimekinakili hapa kama kilivyo, mtu anayetaka akifuate:

Ya 1, taa zote, waya 1.5, mwisho 10. Ya 2, soketi za sebule, vyumba na jikoni, waya 2.5, mwisho 20. Ya 3, friza, waya 2.5, mwisho 20, usichomeke kingine. Ya 4, jiko, waya 6, mwisho 32. Kubwa, bonyeza T kila baada ya miezi mitatu, isiposhuka niite.

Wako,
Mama muuza barafu,
Mikindani, Mtwara